Kukua na mzazi mlevi: maswali ya vijana wa Bukavu na majibu yake

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizungumza na vijana wa Kadutu na Ibanda, sehemu za mji wetu wa Bukavu, kuhusu afya, na kila mara huweka kikapu karibu na mlango ili asiyependa kusimama mbele ya wenzake aandike swali lake bila jina. Maswali ya malaria na ya hedhi huulizwa kwa sauti. Swali kuhusu baba anayekunywa, au mama anayekunywa, hutoka kikapuni tu, tena karatasi yake huwa imekunjwa mara nne. Mimi ni muuguzi, na nililelewa katika nyumba ya namna hiyo, kwa hiyo naelewa kwa nini karatasi hukunjwa. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi mara nyingi zaidi, nikayajibu kwa urefu ambao mkutano wa saa moja hauniruhusu.

Nitajuaje kwamba baba ni mgonjwa wa pombe, wala si mtu anayependa bia tu kama wanaume wengine wa mtaani?

Wingi wa chupa pekee hautoshi kujibu swali hili, ingawa una maana yake. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye kileo cha asilimia 5, ina karibu gramu 28 za kileo halisi, na ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja, basi, huhitaji saa tatu au nne kutoka mwilini, na kahawa au maji baridi hayaiharakishi. Kasiksi ya ndizi hutofautiana nguvu kutoka mtungi mmoja hadi mwingine, na kanyanga, pombe ya kukenekwa, pamoja na vile vichupa vidogo vya sapilo, ni kali kiasi kwamba mnywaji mwenyewe mara nyingi hajui amemeza nini.

Hata hivyo madaktari hawahesabu chupa wanapotafuta uraibu. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyotumika kwa miaka mingi mna alama sita: hamu kali ya kunywa, kushindwa kujizuia akishaanza, kutetemeka, kutoka jasho au kukosa utulivu anapokosa pombe, kuhitaji kiasi kinachozidi kuongezeka ili apate hali ileile, kuacha kazi, watu na mambo aliyoyapenda kwa ajili ya pombe, na kuendelea kunywa hali akiona wazi madhara yake. Zikionekana angalau tatu kwa pamoja katika mwaka mmoja, huo ni ugonjwa.

Lakini mtoto si daktari wa mzazi wake, wala sitaki afanye kazi hiyo. Kwake lipo swali jepesi zaidi: je, jioni ya nyumba nzima hupangwa kwa kufuata hali atakayorudi nayo mtu mmoja? Nilipokuwa na miaka tisa niliweza kujua, kwa kusikia tu kikohozi cha baba akiwa bado chini ya mteremko, kama tungekula pamoja au tungejifanya tumelala. Mtoto mwenye ujuzi wa namna hiyo anaishi na ulevi, hata kama nyumbani hakuna chupa inayoonekana.

Baba anasema anakunywa kwa sababu ya masumbufu yangu, na katika chumba cha maombi wamesema mimi ndiye niliyemfunga kwa uchawi. Je, ni kweli?

Si kweli. Namwomba aliyeandika karatasi hii asome jibu hili polepole, na akiweza alisome mara mbili. Hakuna mtoto aliyewahi kutia uraibu katika mwili wa mzazi wake, kwa kushindwa mtihani, kwa kujibu vibaya, kwa kuzaliwa wakati mgumu, wala kwa ndoto aliyoota. Mambo yanayoleta uraibu yanajulikana: urithi kutoka kwa wazazi, umri ambao mtu alianza kunywa, wepesi wa kuipata pombe, huzuni na hofu zilizokosa tiba, na mazoea ya wale anaoketi nao. Mtoto hamo katika orodha hiyo. Mlevi hutafuta sababu mbali na chupa kwa kuwa akiitaja chupa yenyewe atalazimika kuiacha. Leo sababu ni mtoto, kesho ni patroni wake, keshokutwa ni mvua. Kumbuka pia kwamba siku uliyoleta buletini nzuri ya shule alikunywa vilevile, kwa kusherehekea.

Kuhusu neno la uchawi nitasema wazi, kwa sababu katika mji wetu neno hilo limewafukuza watoto wengi nyumbani. Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumtesa mtoto na kumtupia lawama ya uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo hadharani. Anayetamka maneno hayo, awe mchungaji, mjomba au mama wa kambo, ndiye mkosaji. Simzuii mtu kumwombea mgonjwa. Mimi mwenyewe huomba. Ninachokataa ni maombi yanayomnyima mtoto chakula, yanayomfunga kamba au yanayomlazimisha akiri jambo ambalo hakulifanya. Mtoto aliye katika hali hiyo amwambie haraka mtu mzima anayemwamini nje ya kundi hilo: shangazi, mwalimu, padri, mchungaji mwingine au muuguzi.

Kama anatupenda, kwa nini haachi?

Kwa sababu upendo wake na uraibu wake haviko mahali pamoja, na kimoja hakina amri juu ya kingine. Ubongo unaopokea kileo kila siku hujirekebisha ili uweze kufanya kazi ndani yake. Kileo huufanya ubongo upooze, hivyo nao hujiongezea msisimko wa kukabiliana na kupooza huko, na siku pombe inapokosekana msisimko hubaki peke yake: mikono hutetemeka, moyo hupiga mbio, jasho hutoka, usingizi huyeyuka. Funda la asubuhi hutuliza yote hayo kwa dakika chache. Mtoto huona baba amechagua chupa badala ya fedha za minervali, yaani karo ya shule, na ni haki yake kuumia. Lakini asubuhi ile baba alikuwa akikimbia mateso ya mwili wake, na watoto wake hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Hapa lipo jambo ambalo familia zetu nyingi hazilijui, nalo huua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hapaswi kukatishwa pombe ghafla bila msaada wa daktari. Kati ya saa 6 na saa 48 baada ya funda la mwisho anaweza kuanguka na kurusha viungo kama mwenye kifafa, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu wasiokuwapo, kupata homa na hata kufa. Baadhi ya familia humfungia mlevi chumbani baada ya kiapo alichokula mbele ya wazee, au humpeleka katika mfungo wa siku tatu, naye anapoanza kuweweseka husema ni mapepo, au kwamba rafiki zake wamempa karuho, yaani sumu. Mara nyingi si sumu wala pepo: ni ubongo unaoachishwa kileo, na una dawa. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza ubongo kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi huipungukiwa na ambayo ikikosekana huharibu kumbukumbu na mwendo.

Baada ya siku hizo chache kazi kubwa ndiyo inaanza, kwa sababu mwili umesafishwa lakini mazoea, marafiki na huzuni vinamngoja palepale. Wengi huacha, wakarudi, wakaacha tena. Mtoto aandaliwe kwa hilo, asije akadhani kwamba kila kurudi kumesababishwa na yeye. Hapa Bukavu kituo cha Sosame, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, hutibu magonjwa ya akili na matatizo ya namna hii. Shirika hilohilo lina Tulizo Letu mjini Goma na kituo cha Joseph Guislain mjini Lubumbashi. Asiyeweza kufika huko aanzie kwenye kituo cha afya cha mtaa wake, aombe kuelekezwa.

Usiku baba hulala chini, haamki. Nifanye nini?

Mlaze ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa ili asigeuke, na mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke nje badala ya kuingia mapafuni. Usimlaze chali. Usimpe maji, maziwa wala mafuta, na usimmwagie maji baridi, kwa kuwa kileo tayari kimeupoza mwili wake. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: zikiwa chini ya nane, au zikikatika kwa zaidi ya sekunde kumi, au midomo ikibadilika rangi, au ukimfinya asishtuke hata kidogo, mwite mtu mzima saa ileile apelekwe hospitali. Vivyo hivyo akilalamika siku inayofuata kwamba macho yake yana ukungu, hasa ikiwa alikunywa kanyanga, kwa maana pombe iliyokenekwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na dalili zake mara nyingi huchelewa kwa nusu siku au zaidi.

Ukishamwita mtu mzima, kazi yako imekwisha. Kukesha kila usiku ukisikiliza pumzi za mzazi si kazi ya mtoto wa shule.

Je, nimwage pombe yake, au niifiche?

Hapana. Atapata nyingine, na hasira yake itakuangukia wewe. Ukitumwa kuinunua, unaweza kumwomba mama au mtu mzima mwingine akusemee; ukilazimishwa, hujatenda dhambi yoyote.

Hofu ya kila siku humfanya nini mtoto, ikiwa hapigwi?

Watu wazima wengi hufikiri kwamba mtoto asiyepigwa hana kidonda. Mwili wa mtoto hauwazi hivyo. Sauti inapopanda sebuleni, mwili wake hutoa homoni za hatari, moyo hukaza mwendo, misuli hujikunja na tumbo husimamisha kazi yake; ni matayarisho mazuri kwa mtu anayekutana na nyoka mara moja kwa mwaka. Mtoto wa mlevi hukutana na nyoka huyo kila jioni. Mwili unaokaa katika hali ya hatari bila kupumzika huanza kuonyesha dalili ambazo mara nyingi tunazitibu kama minyoo au malaria: kuumwa tumbo kusikopata jina, kichwa, kukojoa kitandani baada ya umri wake, kuota ndoto za kutisha, kusinzia darasani. Mwalimu humwita mvivu, hali mtoto amelala saa tatu kwa usiku mzima.

Nchini Marekani, uchunguzi mmoja uliofanyika San Diego miaka ya 1990, ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1998, uliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao. Kukua na mlevi nyumbani kulikuwa mojawapo ya mashaka yaliyohesabiwa, pamoja na kupigwa, kutukanwa, kuona mama akipigwa na mengineyo. Ilionekana kwamba mashaka hayo huja kwa makundi, na kwamba kadiri yalivyozidi utotoni, ndivyo zilivyozidi huzuni ya kudumu, ulevi, magonjwa ya moyo na majaribio ya kujiua ukubwani. Natoa habari hii kwa wazazi, ili wasiseme tena kwamba mtoto atasahau. Simpi mtoto kama hukumu, kwa kuwa uchunguzi huo unahesabu umati na hausemi lolote juu ya mtu mmoja.

Kuna pia dalili ambayo haionekani kama dalili. Ni yule mtoto mtulivu, wa kwanza darasani, asiyeomba kitu, anayejua kusoma uso wa kila anayeingia mlangoni. Wageni humsifu. Yeye anapiga hesabu: nikiwa mwema kabisa, leo hapatakuwa na kelele. Katika nyumba hiyohiyo kaka yake anapigana kila siku shuleni, na mdogo wao anachekesha wote mezani. Watatu hao wamebeba mzigo mmoja, kila mmoja kwa bega lake, na mara nyingi ni yule mpiganaji tu anayeletwa kwangu.

Mimi ni binti wa kwanza. Napika bwali (ugali), nawaogesha wadogo zangu, namvua baba viatu. Nikiondoka, nani atabaki?

Dada mpendwa, katika desturi zetu mtoto wa kwanza husaidia, na hilo ni jema. Tofauti iko hapa: mtoto anayesaidia anajua kwamba yupo mtu mzima nyuma yake, na akikosea au akiumwa mtu huyo atashika kazi. Wewe nyuma yako hakuna mtu. Umekuwa mama wa nyumba kabla hujamaliza kuwa mtoto, na mwili wako unalijua hilo, ndiyo maana unachoka hata siku uliyolala vizuri.

Sikuambii uache kesho, kwa sababu wadogo zako wanakula kwa mikono yako. Nakuomba utafute mtu mzima mmoja wa ukoo, mama mdogo, bibi au mjomba, umweleze kazi moja tu ambayo huwezi kuendelea nayo, uitaje kwa jina: kumtoa baba kabareni usiku, kwa mfano, au kuomba deni dukani. Maneno ya jumla kama «nyumbani ni vigumu» huwapa watu nafasi ya kutikisa kichwa na kuondoka. Kazi iliyotajwa huwalazimisha kujibu. Na shule usiiache. Ikiwa ni lazima jambo moja lipungue, upungue usafi wa nyumba.

Baba hakuwa mlevi kabla ya vita. Je, naweza kumkasirikia?

Mji wetu ulipitiwa na vita mwaka 1996, mwaka 1998, mwezi Juni 2004 na tena Februari 2025, na vijiji vinavyouzunguka vimepata taabu ambazo tarehe haziwezi kuzitaja zote. Watu wengi walioona kifo kwa macho yao walianza kunywa ili wapate usingizi. Pombe humlaza mtu upesi, hilo ni kweli, lakini hukata usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na zile ndoto alizozikimbia humrudia alfajiri zikiwa na nguvu zaidi, naye huhitaji kunywa zaidi jioni inayofuata. Baba yako alitafuta dawa ya jeraha, akapata jeraha la pili.

Jeraha la kwanza linatibika pia, kwa mazungumzo na mtaalamu na wakati mwingine kwa dawa, na anayemtibu anapaswa kuelezwa mambo yote mawili, kwa kuwa kutibu ulevi bila kugusa vita ni kuacha mlango wazi. Kuhusu hasira yako: ndiyo, unaweza kumkasirikia. Kumhurumia mtu na kumkasirikia ni mambo yanayokaa pamoja katika moyo mmoja, na mtoto aliyekatazwa hasira huielekeza kwake mwenyewe.

Kwetu anayekunywa ni mama.

Najua swali hili ni gumu kuliko mengine, kwa kuwa baba mlevi husemwa kwa kicheko na mama mlevi husemwa kwa laana. Kwa sababu ya laana hiyo mama hunywa kwa siri, huficha chupa jikoni, na huchelewa kufika hospitali. Ugonjwa ni uleule na tiba ni ileile. Naongeza jambo moja tu: akiwa mjamzito, kileo hupita kutoka damu yake kwenda kwa mtoto aliye tumboni na kinaweza kudhuru ubongo wake kwa maisha yote, hivyo aelezwe bila kutukanwa, apelekwe kliniki ya wajawazito mapema, na ikiwa hunywa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani bali chini ya uangalizi wa daktari.

Amri ya Mungu inasema tuwaheshimu wazazi. Je, kusema mambo ya nyumbani nje si kumvunjia heshima?

Nilibaki na swali hili hadi nilipofika miaka ishirini na tisa, na sipendi mtu mwingine akae nalo muda huo. Amri inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Haituagizi kuuheshimu ugonjwa wao. Mtoto anayesema mbele ya watu sokoni kwamba baba yake ni mbwa, huyo amemvunjia heshima. Mtoto anayeketi na muuguzi, akafunga mlango, akasema «baba anakunywa kila siku na mimi silali», huyo ametafuta tiba kwa ajili ya nyumba yao. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nao walikuwa wakijua thamani ya siri.

Fikiria jinsi siri hii inavyofanya kazi. Mama humwambia jirani kwamba baba ana malaria. Mtoto hakatazwi kwa maneno, lakini huona mama anavyosema, naye hujifunza kwamba alichokiona hakikutokea. Miaka ikipita anaanza kutoamini macho yake mwenyewe, na akishakua huchumbiwa na mtu anayemdanganya waziwazi, naye hawezi kuona uongo kwa kuwa alizoezwa asiuone. Katika yote niliyoyashuhudia, siri hudumu kuliko vipigo.

Mwaka 1935, mjini Akron huko Marekani, walevi wawili, mmoja wao daktari wa upasuaji, waligundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwasaidia kukaa bila kunywa, na kutoka hapo vilizaliwa vikundi vya walevi wanaosaidiana bila kutajana majina ya ukoo. Mwaka 1951 wake na ndugu zao walianzisha vikundi vyao, viitwavyo Al-Anon, na mwaka 1957 vijana nao wakapata vyao, Alateen. Vikundi hivyo havina daktari wala ada. Vinasimama juu ya jambo moja: mtu anasema, mwingine anasikiliza, na kinachosemwa hakitoki nje. Mikutano mingine hufanyika kwa intaneti, hata kwa Kifaransa. Mahali ambapo hakuna kikundi, vijana wanne chini ya mtu mzima mwenye kufunga mdomo wanaweza kuanza.

Je, nami nitakuwa mlevi?

Si lazima, lakini hatari yako ni kubwa kuliko ya mwenzako, na afadhali uijue. Watafiti wanakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika kupata uraibu hutokana na urithi. Huko Denmark, mwaka 1973, ilionekana kwamba wavulana waliozaliwa na baba mlevi lakini wakalelewa tangu utotoni na familia nyingine walipata ulevi mara nne hivi zaidi ya waliolelewa hivyohivyo bila kuwa na mzazi mlevi. Hata hivyo wengi wao hawakuwa walevi.

Nusu iliyobaki iko mikononi mwa maisha, na sehemu yake iko mikononi mwako. Umri wa kuanza una uzito mkubwa: uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, takriban asilimia 40 walipata uraibu wakati fulani wa maisha yao, na kati ya waliongoja hadi miaka 20 au zaidi, takriban asilimia 10. Kwa hiyo usipokee kasiksi ya harusi kwa sababu tu shangazi amesema ni juisi ya ndizi. Na ukiwa mtu mzima ambaye huweza kunywa zaidi ya wenzake bila kulewa, usijisifu; mwili unaostahimili sana pombe uko karibu zaidi na uraibu.

Akilewa hunipiga. Mwingine ameandika: akilewa hunigusa.

Maswali haya mawili nayajibu pamoja na kwa haraka, kwa kuwa hapa wakati una thamani kuliko maelezo. Ulevi unaweza kueleza kitendo, haukihalalishi. Chagua leo, wakati kumetulia, nyumba moja ambayo unaweza kukimbilia usiku, uwaambie wenye nyumba mapema, na uwafundishe wadogo zako njia. Usijaribu kumzuia mtu anayepiga, hata kama anampiga mama. Toka nje, ita watu. Aliyeguswa au kubakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu ndani ya muda huo zipo dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi. Hapa kwetu hospitali ya Panzi inajulikana kwa kuwapokea walioumizwa hivyo. Ikiwa saa hizo zimepita, aende vilevile. Sheria ya mwaka 2009 iliunda mahakama za watoto, na mtoto ana haki ya kulindwa hata dhidi ya mzazi wake.

Mimi ni jirani. Namwona mtoto wa nyumba ya pili. Naweza kufanya nini bila kuingilia ndoa ya watu?

Mengi. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, watafiti waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi walipokuwa watu wazima. Baadhi yao walikulia katika umaskini, ugomvi, magonjwa ya akili au ulevi wa wazazi, na theluthi moja ya hao waliobeba mashaka mengi walikua wakawa watu wazima imara, wenye upendo na kazi. Jambo lililorudi mara kwa mara katika maisha yao lilikuwa kwamba kila mmoja alipata angalau mtu mzima mmoja, bibi, mwalimu, jirani, aliyempokea bila masharti na hakubadilika.

Kutobadilika ndiko anakokukosa mtoto wa mlevi kuliko chakula. Kwa hiyo usiahidi makubwa. Mwambie kwamba Jumanne na Alhamisi anaweza kuja kufanyia masomo yake mezani kwako, na siku hizo uwepo. Mpe bwali na samaki wadogo wa sambaza bila kumuuliza kama kwao wamekula. Usimsengenye baba yake mbele yake, kwa kuwa atamtetea na hatarudi. Siku ya kwanza usimuulize kitu. Akianza kueleza mwenyewe, labda mwezi wa tatu, acha unachokifanya, keti, usishtuke, umwambie kwamba unamwamini na kwamba halikuwa kosa lake. Kisha muulize kama angependa mwende pamoja kituo cha afya, na akisema bado, mwonyeshe mlango utakaobaki bila komeo usiku, na mahali pa kulala.